Vichwa Bapa vya Arvid Tollefsrud

Arvid Tollefsrud alifanya kazi miaka thelathini na minne katika kiwanda cha sukari cha mji wetu, akinoa visu vya kukatia viazisukari, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akisema anataka kitu. Mwaka aliostaafu tukaanza kumwona akipita meza hadi meza pale klabuni, penseli sikioni, akituuliza kama tungependa kichwa kipya cha risasi. Tulishindwa kujizuia kucheka. Mtu aliyenyamaza maisha yake yote akianza kuomba, huwa hajui kuomba.

Mimi nilikuwa jirani yake. Ua wa mbao tu ndio uliotutenga, na ua wenyewe tuliujenga pamoja.

Klabu yetu ni ya watu wanaojijazia risasi wenyewe. Tunaokota maganda tuliyokwisha kuyapiga, tunayasafisha, tunatia fataki mpya ya kuwashia baruti kitakoni, tunapima baruti, kisha tunapachika kichwa juu yake. Risasi zilizo tayari zimejaa tele dukani kwa Marlys Pankratz, lakini kwetu kuzinunua ni kama kwenda kwenye chakula cha kanisa na pai ya dukani. Kila mtu ana kipimo chake. Akishapata kipimo ambacho bunduki yake inakipenda, hakibadilishi hata akibadilisha mke.

Na wote tulipachika vichwa kwa namna moja: mbele kabisa, hadi ncha ikaribie kugusa mifuo iliyochongwa ndani ya mtutu. Hivyo ndivyo alivyofanya Royce Dunwiddie, bingwa wetu wa miaka tisa. Tulimwiga katika hilo kama tulivyomwiga kofia.

Kichwa cha Arvid kilikuwa cha shaba tupu, bila madini ya risasi ndani yake hata chembe, na pua yake bapa, kama penseli iliyokatwa kwa msumeno. Alisema kinamlaza kulungu pale pale na hakiachi vumbi la sumu kwenye nyama. Alikitengeneza gerejini kwa mtambo wa kugandamiza shaba alioujenga mwenyewe, na kalibu aliyoichonga majira mawili ya baridi. Akatupa kila mmoja vichwa kumi katika kifuko cha kitambaa kilichoshonwa na mkewe, LaVonne. Ndani ya kila kifuko mlikuwa na karatasi yenye mwandiko wake: *Kizamishe ndani ya ganda zaidi ya kawaida yako. Kisikaribie mtutu.*

Yangu niliitumia kufutia mafuta.

Marlys alikubali kuweka daftari kaunta. Yakipatikana majina thelathini ya watu wanaovitaka kabla ya Ijumaa saa sita mchana, siku moja kabla ya mashindano ya vuli, Arvid angepewa rafu karibu na mlango. Yasipopatikana, mtambo ungeondoka gerejini. Dada yake LaVonne alikuwa anahamia kutoka Dakota, yeye na kiti chake cha magurudumu, na gereji ndiyo ingekuwa chumba chake. LaVonne hakuwa mkali katika hilo. Alisema tu, "Arvid, ama wanavitaka ama hawavitaki. Waulize."

Basi akaliazima daftari, akapita nalo klabuni akiuliza.

"Ungechukua maboksi mangapi kwa mwaka?"

"Hivi vinaua, mzee, au vinamkonyeza tu kulungu?"

"Vinaua. Ungependa uzito gani?"

"Uzito wa mke wangu, nimrushe mbali."

Arvid aliwasubiri wamalize kucheka, kisha akauliza tena kwa sauti ile ile. Alipofika kwa Royce, Royce alikuwa anakula donati.

"Mimi?" akasema. "Niandikie mia tano. Nikifa mnizike navyo."

Arvid akaitoa penseli sikioni. Akaandika: *Dunwiddie, 500*. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, na masikio yake yakawa mekundu kwa furaha. Hapo tukaangua kicheko hadi mtu mmoja akamwaga kahawa.

"Futa, mzee," Royce akasema. "Nilikuwa natania."

Arvid akafuta. Akapuliza vumbi la kifutio, akalipangusa kwa kiganja ili daftari la Marlys lisichafuke.

Tulivijaribu vichwa vyake, kila mtu kwa kipimo chake na upachikaji wake wa siku zote. Vilitawanyika kwenye karatasi ya shabaha kama kuku waliotupiwa jiwe. Tukavitukana, kisha Royce akapita na kopo kukusanya vilivyobaki. "Leteni niviyeyushe nimfulie mama watoto kengele," alisema. Mimi nilimpa vyangu vitano. Alinipa nusu ya donati.

Ijumaa nilikuwa dukani. Arvid aliingia saa sita kasoro, akapangusa viatu mlangoni, akafungua daftari. Yalikuwamo majina matatu. La kwanza la mchungaji, ambaye hana bunduki. La pili la LaVonne. La tatu liliandikwa: *Biskuti, maboksi mawili.*

Biskuti alikuwa mbwa wake.

"Mwandiko wa nani huu?" Arvid akauliza.

Tulikuwa watano pale dukani. Kila mmoja akaona kitu cha kutazama rafuni.

"Alikufa Aprili," akasema. "Mnajua alikufa Aprili."

"Arvid," Marlys akasema, "saa sita hiyo, mpenzi. Pole."

Akanigeukia. "Delbert, hata wewe hukuandika?"

"Vilitawanyika, Arvid."

"Ulivizamisha?"

"Nilipachika ninavyopachika siku zote."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. Alasiri gari la chuma chakavu likaja kuuchukua mtambo, na LaVonne akampelekea dereva kahawa. Kalibu hakuitoa. Niliisikia kupitia ua wetu: aliikata vipande viwili kwenye gurudumu la kunolea, na ililia kwa muda mrefu.

Jumamosi alikuja mashindanoni kama kawaida, kwa kuwa kazi yake tangu zamani ilikuwa kubandua karatasi za shabaha na kuzileta mezani. Royce alipiga mara tano kutoka yadi mia mbili. Arvid alileta karatasi yake mwisho, anatembea taratibu. Matundu yote matano yangefunikwa na ukucha wa kidole gumba.

Watu wakapiga miluzi. Arvid hakumpa Royce karatasi. Alikuwa anapitisha kidole juu ya yale matundu. Vichwa vya kawaida huirarua karatasi na kuacha kingo za kijivu zilizochanika. Haya yalikuwa mviringo safi, kama yaliyotobolewa na kitobozi cha ofisini.

"Royce," akasema, "hivi ni vyangu."

"Nani kasema si vyako?"

"Ulivizamisha."

"Nilisoma karatasi yako, mzee. Mimi husoma."

"Kwa nini hukusema? Kwa nini hukuandika jina?"

Royce akatutazama sote pale tulipo, na kofia zetu. "Niandike ili kila bwege hapa apige kama mimi? Nilingoja ukose majina. Sasa unanifanyia mimi tu, huko huko kwako, kimya kimya. Mteja mmoja wa maana. Zile mia tano, safari hii andika kwa wino."

Marlys alikuwa amelileta daftari ili ampe Arvid, liko pembeni ya birika la kahawa. Sijui nani alilikimbilia kwanza. Tulipanga foleni, watu wazima, tukisukumana viwiko. "Arvid, mimi maboksi matatu." "Niandike na mkwe wangu!" "Mzee, si ulijua nilikuwa natania?" Katika dakika kumi majina yalivuka thelathini. Mimi niliandika la mwisho.

Arvid alingoja hadi kalamu ikawekwa chini. Akachukua daftari. Akaenda kwenye gari lake, akatoa kopo la kahawa lililokuwa na vichwa vyote vilivyobaki, kisha akatembea hadi kwenye choo cha shimo kilichoko mwisho wa uwanja. Tukamfuata. Akafungua mlango, akausimamisha kwa jiwe.

"Mchungaji Oberg," akasoma, akaangusha kichwa kimoja shimoni. Kule chini kikasema *tubwi*.

"LaVonne Tollefsrud." *Tubwi.*

Mstari wa tatu akauruka.

"Royce Dunwiddie." *Tubwi.*

"We Arvid, umepagawa?" Royce akapiga kelele. "Haya basi, tutavipata vingine. Utatengeneza."

"Kalibu niliikata jana."

Sijawahi kuuona uso wa Royce vile, hata siku ya mazishi ya baba yake. Mtu ametafuta maisha yake yote kipimo ambacho bunduki yake inakipenda, amekipata, na kichwa chake hakipo tena duniani.

"Umebakiza vingapi?" Arvid akamuuliza kwa upole, kama daktari.

"Vitatu," Royce akasema.

"Basi vitunze."

Akaendelea. Alisoma kila jina kikamilifu, la kwanza na la ukoo, na baada ya kila jina alingoja tusikie. Hakuna aliyeondoka. Kila mtu alitaka kulisikia lake.

Akafika mwisho wa ukurasa. "Delbert Kuhl," akasoma. Mkono wake haukuangusha kitu. Alikuwa analitazama jina langu, kisha akapandisha macho hadi mstari wa tatu, kisha akayashusha tena kwenye jina langu. Wino ulikuwa tofauti. Mwandiko ulikuwa mmoja.

Akanijia, akanishika kiganja, akanifungua vidole, akaweka humo vichwa viwili vya mwisho. Vilikuwa na baridi.

"Mpelekee Biskuti," akasema. "Si alitaka maboksi mawili? Unajua alipo."

Nilikuwa najua. Aprili ile ardhi ilikuwa bado imeganda, Arvid analia hawezi kuona, na sururu nilishika mimi.