Chombo cha Maziwa Nilichokiosha kwa Sabuni

Miaka ile ya tisini, ukimaliza kidato cha nne Lodwar ulijiona umeimaliza dunia. Mimi nilikuwa karani wa mradi mmoja Kakuma, kalamu mbili mfukoni, na kazi yetu, kwa mujibu wa ubao wa mlangoni, ilikuwa kuhifadhi kazi za mikono za Waturkana. Ofisi nzima hakuna aliyejua kuchonga hata mwiko.

Mama alijua. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kumchongea dada yangu chombo cha maziwa, maana baada ya siku nne watu wa Kaaleng wangekuja kumchukua bibi harusi wao, na mama hakutaka bintiye aende kwa mume bila chombo cha mkono wake. Gogo zima, limekombwa ndani kwa wiki kadhaa, likapakwa mafuta ya kondoo na kufukizwa moshi mpaka likawa jeusi. Nilimwomba aniazime siku moja tu. Wageni wa mradi walikuwa wanashuka na ndege Lokichoggio, waje wakione. Akakataa. Nikamlilia kwamba nitafukuzwa kazi, uongo mtupu. Akanipa.

Bosi alikinusa akakunja uso. "Hiki kinanuka beberu. Kisafishe."

Na mimi msomi, badala ya kumwambia kwamba mafuta hayo ndiyo yanayokizuia kupasuka, nikachukua maji moto na sabuni ya unga, nikakisugua kikatakata, nikakianika juani. Jua la Kakuma, jamani! Kufika saa sita kilikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi kitakoni.

Lo, wageni walivyoupenda ufa ule! Mmoja aliupapasa kwa kidole, akasema bila shaka ni chombo cha kale sana. Hakuna aliyemsahihisha, nami nikiwemo. Bosi akamzawadia chombo papo hapo, tukapiga makofi kama wajinga.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Mama hakunipigia kelele, bora angenichapa. Siku ikafika, watu wa Kaaleng wakaja, na mama mkwe akauliza chombo cha bibi harusi kiko wapi. Dada yangu alikuwa ameshika dumu la plastiki la mafuta ya kupikia, macho chini, machozi yanamtoka.

"Kimeenda shule," mama akajibu, huku ananitazama mimi. "Kikirudi kitakuwa kama huyu."