Nani Kati Yetu Ndiye Mbuzi?

Nimemwona baba yangu mzazi akitazamana na mbuzi wa rangi ukutani, jasho linamtoka, suti yake ya harusi imembana hadi vifungo vinaomba msamaha, na kati yao hakuna aliyekubali kupepesa macho.

Mbuzi alishinda.

Lakini ngoja nianze panapostahili.

Shangazi yangu, dada mdogo wa Baba, alikuwa mhasibu. Siku moja alizima kompyuta ya kazini, akaaga vizuri, akaenda kununua brashi. Tangu siku hiyo ni mchoraji.

Baba alipopata habari aliitisha kikao cha ukoo. Akasema mbele ya watu wote, "Hiyo si kazi. Hiyo ni michezo ya chekechea."

Shangazi akachukua mkoba wake, akatoka. Kuanzia hapo wakawa wanasalimiana kupitia kwangu.

"Mwambie baba yako namsalimia."

"Mwambie shangazi yako nimesikia."

Mimi nasoma shule ya bweni. Bweni hufundisha mengi, lakini mambo mawili hukaa kichwani milele: kula haraka na kudanganya taratibu. Likizo hii nilipata nafasi ya kutumia somo la pili.

Shangazi na wachoraji wenzake saba walikuwa wameandaa maonyesho ya sanaa. Yaliitwa Rangi, Maumbile, Ndoto na Jamii. Kwa mara ya kwanza kazi yake ingetundikwa kwenye ukuta usio wa sebuleni kwake. Akanipa kadi za mwaliko.

"Mpe baba yako," alisema, huku anasafisha brashi ambayo ilikuwa safi tayari. "Hata akipita tu na kutoka. Asipokuja, basi nitajua."

"Utajua nini, Shangazi?"

"Kwamba sina kaka. Haya, ondoka, unanichafulia sakafu."

Alisema kama mzaha, lakini hakucheka.

Baba aliisoma kadi mbele na nyuma. "Rangi, maumbile, ndoto na jamii. Yote hayo jioni moja? Hawa hawajui wanachotaka. Siendi."

Bibi akasema magoti yanamsumbua. Baba Mdogo akasema kuna mpira. Mama akasema, "Wifi yangu nampenda, lakini nikienda bila baba yako itaonekana nimechagua upande."

Nikaona heshima ya ukoo imebaki mikononi mwangu. Wakati wa kula nikavaa uso wa msiba.

"Sawa, msiende. Ila nasikia ametuchora sote. Kama wanyama."

Vijiko vikasimama.

"Wanyama gani?" Baba Mdogo akauliza.

"Sijui. Kila mtu kulingana na tabia yake."

Nilikuwa natunga. Picha ya Shangazi sikuwahi kuiona, alikuwa akiifunika shuka. Lakini jioni ya ufunguzi magoti ya Bibi yalipona, mpira ukasahaulika, Mama akachagua upande na kusuka nywele, na Baba akaingia ndani ya ile suti.

"Naenda kuhakikisha tu," alisema.

Sasa, wale wachoraji walikuwa na utaratibu wao. Siku ya kwanza hawabandiki majina yao kando ya picha. Majina hubandikwa kesho yake. Wanataka mtu aitazame kazi kwanza, ndipo aulize ni ya nani.

Utaratibu mzuri sana, kwa watu ambao si ndugu zangu.

Tulipofika, Shangazi alikuwa chumba cha nyuma, wachoraji wanapanga nani azungumze kwanza. Ukoo haukumngoja. Ukutani palikuwa na picha kubwa kuliko zote: wanyama watano kwenye bwawa la zambarau, chini ya jua la kijani. Tausi, kobe, kiboko, nyani na mbuzi.

Watano. Na sisi tulikuwa watano.

Uongo wangu ulikuwa umetundikwa ukutani, na umewekewa taa.

"Ndiyo hii!" Baba Mdogo akapiga kofi. "Mimi tausi."

"Tausi ni mimi," Mama akasema. "Tazama shingo."

"Shemeji, mkia huo ni wa dume. Tusiingie kwenye sayansi."

"Na kiboko ni nani?"

Baba Mdogo akalitazama tumbo lake, kisha bwawa. "Nimeshasema mimi tausi."

Bibi akasogea karibu. "Kobe ni mimi, sikatai, kobe ana maisha marefu. Nyani ni huyu mjukuu wangu."

Wote wakakubali bila mjadala. Niliumia, lakini nikanyamaza kishujaa.

Akabaki mbuzi.

Mbuzi alikuwa amesimama peke yake. Amewapa wenzake mgongo, amekaza shingo, amegoma kunywa maji wanayokunywa wote. Tulimtazama mbuzi. Tukamtazama Baba. Tukatazama dari.

"Huyo ni wewe," Baba akamwambia mdogo wake.

"Mimi, kaka? Mimi nimegoma nini hapa duniani? Mimi hukubali hata nisichokielewa!"

"Basi ni jirani."

"Mwanangu," Bibi akasema kwa upole, "hata ndevu ni zako."

Baba akashika kidevu. Hapo ndipo alipoanza kutazamana na mbuzi, na sisi tukaanza kubishana upya juu ya kiboko. Sauti zikapanda. Wageni wakaacha picha nyingine wakaja kutuzunguka. Mzee mmoja mwenye kofia kubwa alisimama karibu yetu, machozi yanamlengalenga. Nikajua huyu ndiye mwenye jengo, tunatolewa nje sasa hivi.

Mara mlango wa nyuma ukafunguka. Shangazi akatoka.

Akauona ukoo mzima, uso wote ukang'aa. Kisha akaona tumegeukia wapi. Ukazima.

"Kaka," akasema.

"Dada." Baba alivua miwani. "Picha nimeiona. Nimejiona. Sina cha kubisha."

"Kaka, ngoja kwanza..."

"Acha nimalize. Nilikudhalilisha mbele za watu. Nikakaza shingo, nikakupa mgongo. Umenichora mbuzi, ni haki yako." Akamtupia mbuzi jicho. "Ila pembe umezidisha."

Mgeni mmoja akasogea kuzitazama hizo pembe.

"Kaka," Shangazi akasema polepole, "hiyo si yangu."

"Si yako?"

"Ni yangu mimi," mzee mwenye kofia akainua mkono. "Samahani, sikutaka kuwakatiza. Maisha yangu yote nachora, sijawahi kuona watu wakigombana mbele ya picha yangu. Nimefarijika sana."

"Kwa hiyo huyu mbuzi si mimi?"

"Bwana, hata sikufahamu."

Ukoo wote ukanigeukia mimi. Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa vimechakaa.

"Basi niliyosema nayarudisha," Baba akasema.

"Umechelewa. Nimeshayasikia." Shangazi alikuwa anacheka na kufuta macho kwa wakati mmoja. Akamshika mkono, akampeleka ukuta wa pili.

Picha yake ilikuwa ya bluu. Bluu juu, bluu chini, bluu za aina ambazo sikujua zipo, zinashuka kwa mistari. Baba alisimama mbele yake muda mrefu hadi Bibi akatafutiwa kiti.

"Mimi niko wapi hapa?"

"Hupo, kaka. Ni mvua."

"Hata kwa mbali?"

"Hata kwa mbali."

"Mtu anachora mvua yote hii," Baba akasema kwa uchungu wa kweli, "anashindwa kumchora kaka yake hata amejibanza barazani?"

Jumamosi iliyofuata alikuwa kwa Shangazi, amekaa kwenye kigoda, anachorwa. Kila Jumamosi yuko kule. Hataki mtu apite mbele yake, anadai tunaharibu mwanga. Mimi naosha brashi hadi shule zifunguliwe, na hukumu hiyo waliitoa wote wawili kwa sauti moja.

Funzo, ndugu msomaji. Ukitaka jamaa zako waje kuona kazi yako, usiwabembeleze kwamba ni nzuri. Waambie wamo. Watakuja wamevaa suti. Na ukimkuta mmoja wao anatubu mbele ya picha ya mtu mwingine, usiwe na haraka ya kumsahihisha. Mwache amalize kwanza.