Mpaka rangi wa risasi anayesubiri damu yake isafike

Saa mbili asubuhi, baridi ya Aprili haijaondoka Pell Creek, Idaho, na Merritt Haskvold yuko bandani kwake anatikisa kopo la plastiki kwa mikono miwili. Ndani mna vichwa mia mbili vya risasi alivyovimimina mwenyewe, kijiko cha rangi nyekundu ya unga na gololi ndogo nyeusi za plastiki, ambazo msuguano wake huufanya unga unate. Anatikisa kwa dakika moja, anafungua kifuniko, anachungulia, anakunja uso.

“Hewa ina unyevunyevu,” anasema. “Siku kama hii unga unagoma. Unataka hewa kavu, hapo unanata wenyewe bila gundi wala nini.”

Anatikisa tena. Safari hii unga umeshika. Anatoa vichwa kimoja kimoja kwa koleo na kuvisimamisha kwenye trei, kisha anaiingiza katika oveni ndogo iliyo juu ya benchi. Dakika ishirini, nyuzi joto mia mbili. Simu yake ameiegemeza ukutani, mahali ambapo hawezi kukosa kuiona ikiita.

Anasubiri simu ya muuguzi. Leo ataambiwa kiasi cha madini ya risasi kilichobaki katika damu yake, na jibu hilo ndilo litakaloamua kama mjukuu wake wa miezi kumi, Opal, ataingia katika nyumba hii.

Merritt ana miaka 59. Siku tano za juma hufunga na kufungua matairi katika gereji moja ya mjini, kwa dola 21 kwa saa. Huko ndiko anakopata madini. Vile vipande vizito vinavyobanwa ukingoni mwa rimu ili gurudumu lisiyumbe, vikishatolewa, bosi humwachia ndoo nzima. Huvichambua kwa subira, kwa sababu vingine siku hizi ni vya zinki, na zinki kidogo tu ikiingia katika chungu chake cha umeme cha kuyeyushia, madini yote hayamiminiki tena yakafuata umbo la kalibu.

Kumimina alifundishwa na baba yake, ambaye aliyeyusha madini juu ya jiko la kupikia, familia ikiwa mezani inakula. Hakuna aliyempima mtu damu enzi hizo. Rangi ya unga ilikuja baadaye, na Merritt aliipokea kwa mikono miwili. Risasi iliyopakwa haiachi masizi ndani ya mtutu, moshi unapungua, na anayeishika hashiki madini yenyewe.

Ana leseni ya kuziuza, imetundikwa juu ya benchi. Wateja wake ni wanachama wa klabu ya walengaji ya hapo mjini. Mwenyekiti wao, Duane Prather, alipoziona nyekundu kwa mara ya kwanza alimuuliza kama amezipaka lipustiki. “Nikamwambia, zinapendeza kukushinda,” anakumbuka Merritt, na anacheka kidogo.

Hapo kwenye rangi ndipo alipojikwaa. Majira ya baridi ya mwaka juzi yalipokaza, oveni ya bandani ilishindwa kushika moto. Merritt akaibeba trei hadi jikoni, akaitia katika oveni ambamo mkewe, Nedra, huoka mikate. Alifanya hivyo miezi miwili. Alikuwa ameshajiaminisha kwamba kilichopakwa rangi kimekuwa safi, basi akaacha glavu, akawa anakula mkate wake hapa hapa benchini, na unga wa madini uliomwagika sakafuni akiufagia mkavu, ukipanda kama vumbi la barabarani.

“Rangi ilikuwa juu ya risasi,” anasema. “Haikuwa juu ya mikono yangu. Sijui nilifikiri nini.”

Februari mwaka jana alipimwa damu kabla ya kufanyiwa upasuaji wa goti. Jibu lilikuwa mikrogramu 23 za risasi kwa kila desilita ya damu. Kwa mtu mzima, daktari alimweleza, inatakiwa isifike tano. Nedra alikutwa na nne. Hakugomba. Aliichomoa oveni, akaiburuta mwenyewe hadi uani, na kwa majuma matatu wakala vya kuchemsha tu.

Binti yao, Corrine, alikuwa mjamzito wakati huo. Alimpigia baba yake akamwambia wazi kwamba mtoto hatatambaa katika nyumba ile mpaka namba ishuke chini ya tano. Merritt hakubishana naye. Anasema angekuwa yeye, angesema hivyo hivyo, na kwa ukali zaidi.

Tangu hapo nguo za bandani haziingii ndani. Huoga kabla ya kuketi mezani, hupangusa sakafu kwa kitambaa kibichi, na glavu na koleo havimtoki mkononi. Namba ikashuka hadi 15, kisha 11.

Anatoa trei. Risasi zimeng'aa. Anachagua moja, anaiweka juu ya chuma na kuipiga nyundo mpaka inabapa kama kifungo, kisha anaikagua chini ya taa. Rangi haijapasuka. Ingemeguka, mia mbili zote zingerudi chunguni.

Simu inaita. Anasikiliza, anasema ndiyo mara mbili, anashukuru.

“Nane,” anasema, na kuketi.

Ni nafuu, lakini mlango bado haujafunguka, na uso wake hauwezi kuficha. Kisha anampigia Duane, anamwambia risasi elfu mbili za mashindano ya Juni azitafute kwingine. Upande wa pili unasikika ukilalamika kwamba risasi za dukani hazina sura. Merritt anasema trei hii ndiyo ya mwisho mpaka aambiwe nne, hata ikichukua mwaka. Anachomoa waya wa chungu.

Amemwona Opal mara tatu tu, kwenye mkahawa mjini. Mara ya mwisho mtoto alimnyooshea mikono. Corrine akamwambia amshike, kwani si amenawa? Merritt akaitia mikono mfukoni.

“Wameniambia juzi ameanza kusimama akishikilia viti,” anasema, akitazama glavu zake. “Nataka nimshike kabla hajatembea. Akishatembea, atakuwa anakuja kwangu mwenyewe, na mimi nitakuwa narudi nyuma.”