Bi Mongia Ahama na Watu Wake

Bi Mongia wa Nabul hakujua kuhama. Alizaliwa nyumba ya baba yake, akaolewa nyumba ya tatu mtaa ule ule, na mumewe alipofariki akabaki humo humo na chungu chake kikubwa cha shaba, akikeneka maji ya maua ya mdanzi, ule mchungwa mchungu, yaani akiyakinga kutoka kwenye mvuke wa chungu kila masika. Kwa hiyo alipoambiwa kwamba ana siku chache ahame, na kwamba kinachohama si godoro wala masufuria bali jina lake, aliketi juu ya gunia la maua akauliza:

"Jina nalo linapakiwa kwenye mkokoteni gani?"

Aliyempigia simu ni Lasaad, fundi wa kompyuta kule Susa, kijana ambaye Bi Mongia alikuwa hajawahi kumwona uso. Lasaad ndiye aliyeendesha Saniya, seva ndogo iliyokuwa ikinguruma kwenye chumba cha kupanga nyuma ya karakana yake. Mtandao wenyewe wa kijamii, ambako Bi Mongia aliuzia maji yake, hauna tajiri mmoja anayeumiliki. Ni seva nyingi ndogo ndogo, kila moja na mwenyeji wake, na zote zinazungumza: aliye Saniya anasoma ya mtu wa Sfax na kumjibu wa Marseille kama majirani wanaoitana juu ya ukuta. Ila jina la mtu hubeba jina la seva yake. Bi Mongia alijulikana kama Mongia wa Saniya, na Saniya ilikuwa inafungwa.

"Mashine imechoka, shangazi, na mimi nimechoka," Lasaad alisema. "Ijumaa baada ya sala nazima. Fungua akaunti Batha, ile seva ya walimu wa Sfax. Andika huko kwamba wewe ndiye yule wa Saniya. Kisha rudi huku ubonyeze 'Hama', na watu wako wote watakufuata wenyewe."

"Sawa, mwanangu."

Watu wake hao ndio waliokuwa riziki yake, maana duka hana. Walikuwa waoka keki wa Tunis, mabibi wa Gafsa, wasichana walioolewa ng'ambo ambao wakinusa maji ya mdanzi hulia kwanza ndipo wayatie kwenye kahawa. Na masika hayo kulikuwa na jambo jingine. Mtu asiyejulikana alikuwa amefungua akaunti kwenye seva nyingine, akajiita Mongia wa Nabul, akaiba picha za chungu cha shaba na kuuza maji ya bomba yaliyotiwa manukato. Bi Mongia angeanza upya peke yake, bila mfuasi hata mmoja, nani angejua yupi ni Mongia na yupi ni mwizi?

Akafungua akaunti Batha. Akaweka picha ya kiganja cha fedha kinachotundikwa milangoni kuzuia jicho la husuda. Lakini ile ya kuandika kwamba ndiye yule wa Saniya, hakuiandika. Nabul mtu hatangazi nyumba mpya kabla hajalala ndani yake. Unahamisha vyombo kimya kimya, unafukiza ubani, unatundika kiganja mlangoni, ndipo majirani wajue. Jicho la watu ni jicho la watu, hata kwenye simu.

Ijumaa kabla ya adhuhuri chungu kilikuwa motoni, na mdogo wake Beya akichochea kuni. Bi Mongia akafuta vidole kwenye aproni, akataja jina la Mungu, akabonyeza.

"Imekataa."

"Nini kimekataa?"

"Inasema Mongia wa Batha hamjui Mongia wa Saniya."

Beya akacheka mpaka akaacha kuni. "Dada, hata mimi siku nyingine sikujui. Hasa ukiniita kuosha chupa."

"Nyamaza, Beya! Watu wangu wanapotea!"

Akabonyeza tena. Ikakataa. Akazima simu akaiwasha. Ikakataa vile vile. Kutoka msikitini mawaidha ya kabla ya sala yakaanza kusikika. Akampigia Lasaad; simu ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena.

"Shangazi, fanya haraka, mwenye chumba yuko hapa mlangoni anataka funguo zake."

"Inanikataa, mwanangu! Inasema sijijui!"

"Kule Batha umeandika kwamba ulikuwa Saniya?"

Bi Mongia akaanza kupanga chupa zilizokwisha kupangwa.

"Shangazi?"

"Mtu hatangazi nyumba kabla hajaingia," Bi Mongia akasema kwa sauti ndogo.

Lasaad akacheka hadi akakohoa. "Wallahi, hata mama yangu angefanya hivyo hivyo. Sasa sikiliza. Ingekuwa upande mmoja tu unatosha, si yule mwizi wako angesema 'mimi ndiye Mongia wa Saniya' akabeba watu wako wote? Ndiyo maana nyumba mpya lazima iseme ni wewe, na ya zamani iseme unakwenda kule. Bwana harusi akikubali peke yake, kuna ndoa hapo?"

"Hakuna."

"Basi andika. Mimi namtengenezea huyu mzee kahawa, na nitaichemsha polepole."

Bi Mongia akamtazama Beya. Beya hakucheka tena. Alichota ubani kidogo, akautupa kwenye makaa, moshi ukapanda. "Haya, andika. Jicho nimeshalifukiza."

Akaandika. Akarudi Saniya, akabonyeza. Safari hii haikukataa.

Lakini kule Batha hapakuwa na mtu. Wote wawili wakainamia kioo cha simu kama watu wanaochungulia kisimani. Kisha akaingia mmoja: Kamar wa Gafsa. Halafu, baada ya muda, mwingine. Halafu wawili pamoja. Wakawa wanadondoka kama maji yanavyodondoka kwenye bomba la chungu, tone la kwanza la kusubiriwa mpaka mtu akate tamaa, kisha uzi usiokatika. Bi Mongia akajikuta amekaa chini sakafuni, anacheka na machozi yanamtoka.

Kamar akaandika: "Bi Mongia, mimi sijagusa kitu, nashangaa nimekukuta huku! Yule mwingine anayejiita wewe juzi alinijia akidai amehama, sikumjali. Maji ya mwaka huu yakoje?"

"Lasaad," Bi Mongia akasema kwenye simu, "mwambie mzee amalize kahawa yake. Wamefika."

"Picha zako za zamani hazihami, shangazi. Nitakutumia zote kwenye faili."

Zilikuwemo za marehemu mumewe akibeba magunia ya maua. Bi Mongia akafuta kioo cha simu kwa aproni. "Nitumie," akasema. "Mungu akupe afya, wewe na mashine yako."

Adhuhuri ilipopita, Saniya ikazimika. Bi Mongia akapiga picha chungu chake, akaiweka Batha: "Tumeingia. Karibuni."

Beya alikuwa tayari kwenye karai, anaosha chupa bila kuitwa.