Pilau ya kuwashukuru wazimamoto

Jamani, naona aibu hata kusimulia. Mwezi uliopita wazimamoto wa mji wetu mdogo, karibu na Buffalo, Marekani, walizima moto jikoni kwangu. Sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi Tanzania hatuwezi kusaidiwa tukanyamaza. Basi Jumamosi nikapika sufuria nzima ya pilau, nikabandika na maharage ya jioni, nikayaacha jikoni yakitokota, nikaenda kituoni kwao.

Nilikuta milango mikubwa imefungwa na hakuna mtu. Nikaegesha gari hapo hapo mlangoni, kwa sababu mgeni mwenye nia njema haachi gari mbali kama mwizi. Sikujua kwamba wazimamoto wa huku wanajitolea tu, na wanakaa majumbani kwao mpaka king'ora kiwaite.

King'ora kikalia. Magari yakaja mbio, watu wakashuka wakikimbia, na mimi mjinga nikadhani wamekuja kunipokea. Nikaanza hotuba niliyoikariri wiki nzima. Mkuu wao alipopita nikamshika mkono.

"Subiri kidogo mzee, nimalize shukrani."

"Ondoa gari," akasema. "Umetuzibia njia."

Milango ilikuwa imeshafunguka, na lori lao jekundu linanguruma nyuma ya kigari changu. Nikapapasa mifuko yote nikitafuta ufunguo, pilau ikinimwagikia viatuni. Redio yao ikataja mtaa na namba ya nyumba inayotoa moshi. Mkuu akageuka, akanitazama kwa huruma.

"Hapo si kwako?" akaniuliza, na ufunguo bado sijauona.