Kula ni Haki ya Kila Mtu

Naomba msinicheke mpaka nimalize, ingawa najua hamtaweza, maana hata mume wangu, mzee wa kanisa mwenye heshima zake, alicheka mpaka akaomba maji. Aibu yenyewe ilinipata hapahapa Musoma, kwenye ukumbi wetu wa mtaa wa Kitaji, mbele ya umati wenye sahani, na mpaka leo nikipita sokoni kuna wanaoniuliza kama chakula kimeiva.

Ilikuwa ile miaka ambayo maduka yalianza kujaa tena. Sisi tuliopanga foleni ya sabuni tukawa tunachagua khanga kwa rangi, mitumba imemwagwa kila kona, na vitabu vipya navyo vikaanza kufika. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili (likumbukeni hilo, wa Kiswahili), na kila Jumamosi nilisimama kwenye chumba cha nyuma cha ule ukumbi nikiwaeleza watu kitabu gani kipya wasome. Hadithi niliwaachia wenyewe, mimi nilikuwa na vya maarifa: maisha ya nyuki, kwa nini ziwa linabadilika rangi, mwili unavyopambana na malaria. Tulikuwa wachache, lakini chumba kile nilikipenda kuliko sebule yangu.

Akatokea mfanyabiashara wa mitumba akakitaka kiwe stoo. Mzee Masatu, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, akaniambia wazi kwamba Jumamosi atakuja mwenyewe, na akikuta ni walewale wa siku zote, basi Jumatatu marobota yanaingia. Nikajiapiza kwamba safari hii ukumbi wote utajaa.

Wiki hiyo nilitoka Kibara kumsalimia mama, na stendi ya Bunda nikakutana na shemeji yangu Magori, mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye alikuwa akinitafutia vitabu Mwanza. Sasa mjue kwamba nimeolewa Butiama, na ukoo ule herufi "l" hawana habari nayo. Wanakura ugari, wanarara mapema, wanarima mihogo, na mimi nimezoea, wakisema "ra" naisikia "la" bila hata kufikiri.

"Shemeji, nimekupatia kitabu kipya," akaniambia. "Kura ni Haki ya Kira Mtu. Kinafundisha mtu achague mwenyewe, asichaguriwe. Kuna sura nzima ya siku ya kura. Jumamosi nitakuretea boksi zima ukumbini."

Mimi, mwalimu wa Kiswahili, nikaona moja kwa moja: kitabu cha lishe! Mtu achague chakula chake mwenyewe, na siku ya kula, yaani sikukuu, imepewa sura yake. Hata sikumuuliza swali (ningeuliza moja tu, jamani, moja). Nikapanda gari kurudi Musoma, nikachukua chaki, na kwenye ubao ulioko nje ya ukumbi nikaandika kwa herufi kubwa: JUMAMOSI. KULA NI HAKI YA KILA MTU. WOTE KARIBUNI.

Neno "kitabu" nilisahau.

Jumamosi nakaribia ukumbini nasikia kelele, nikajua Mungu amejibu. Watu walikuwa wamejaa hadi nje, wamama wa kwaya, wauza samaki, wazee waliovaa makoti, watoto wasiohesabika. Niliona wengi wameshika sahani na mabakuli nikadhani wanatoka msibani (mtu akiwa na furaha haulizi mambo). Mzee Masatu amekaa mbele, anatazama umati kwa mshangao, nami kichwa kikanivimba.

Magori na boksi lake hajafika, lakini ningewezaje kuwaacha watu wale wakae tu? Nikaanza kukisifia kitabu ambacho sijakiona. Nikasema mwandishi anatukumbusha thamani ya sangara, anatuonya tusitegemee ugali mtupu, nikaeleza mboga za majani sura kwa sura, na kadiri nilivyoendelea ndivyo watu walivyozidi kumeza mate na kukunja nyuso. Mwisho Mama Nyamisi, muuza samaki niliyemheshimu sana, akasimama na sufuria yake mkononi.

"Mwalimu, maneno tumeshiba. Kwenye shughuli za watu chakula kilikuwaga kinatoka kabla ya hotuba. Hiki kinatoka saa ngapi?"

Kabla sijajibu, Magori akaingia na boksi. Mzee Masatu akachukua kitabu kimoja, akavaa miwani, akasoma jalada polepole, kisha akaniangalia.

"Mwalimu, hapa wameandika kura."

Na mimi, kwa akili zangu timamu, nikamsahihisha mzee wa watu hadharani. Nikamwambia kwa upole, kama ninavyowaambia wa darasa la tatu, "Ni kula, mzee. Weka ulimi juu. La."

Hakubishana. Alikigeuza tu kitabu watu wote waone: mkono unatumbukiza karatasi kwenye sanduku. Ni kura, ya kupiga, hii ya vyama vingi. Siku moja tu Magori alikuwa ametamka neno sawasawa, na ndiyo siku niliyomsahihisha kichwani!

Nilitamani sakafu inimeze. Mzee Masatu akasema kwa kuwa kitabu ni cha kura, basi suala la chumba nalo liamuliwe kwa kura, papo hapo, na wote waliokuja. Wanaotaka kibaki cha vitabu wanyooshe mikono. Ikanyooka ya wasomaji wangu wale wachache, pamoja na wangu. Wanaotaka kiwe stoo. Jamani, na sahani ziliinuliwa.

Nimesimama pale machozi yananilenga, Magori akaja akaninong'oneza, na sijui hata sasa kama alikuwa ananifariji au ananichoma.

"Usirie, shemeji. Umeona kinavyofanya kazi? Hakuna aliyechaguriwa."

Siku hizi wasomaji wangu wanakuja kwangu, sebuleni, tumebanana. Kitabu ambacho sijakisoma mwenyewe hadi jalada la nyuma simtajii mtu, hata kwa dawa. Kile cha kura nilikisoma baadaye. Ni kizuri sana, kitafuteni, ila mkinunua msiniambie kwa mdomo, niandikieni.