Mama Mkwe, Mimi na Jiwe la Angani

Mimi ni mwoga, nisijifanye shujaa hapa. Siku anga ilipopasuka juu ya kijiji cha Masara, saa nane mchana, jua linawaka na wingu hakuna, nilijikuta chini ya meza ya wakwe zangu, chai ya moto imenimwagikia mapajani. Mabati yalitetemeka. Mbwa waliingia ndani wamefyata mikia. Mke wangu aliinama akanichungulia.

"Mwalimu wa fizikia," akasema, "hiyo ni nini?"

Nikasema ni kimondo, huku natambaa kutoka. Jirani alikuwa ameona mstari wa moshi mweupe na kitu cheusi kikishuka upande wa machimbo ya zamani ya dhahabu. Wengine walituonya: kitu kilichotoka juu kwa kishindo hakiguswi, atakayekigusa atalipia. Nilicheka mbele yao, lakini hatua sikupiga. Ila nilijua pia kwamba jiwe la namna ile likinyeshewa huanza kushika kutu, na wingu la jioni lilikuwa sasa limeanza kujikusanya upande wa ziwa. Maisha yangu yote nimefundisha vimondo kwa chaki. Nilitaka nishike kimoja mkononi kabla sijastaafu.

Mama mkwe akasema atakuja. Nilijaribu kumzuia, kupitia mke wangu bila shaka. Kwetu mkwe wa kiume na mama wa mkewe huheshimiana kwa mbali: hatushikani mikono, hatuketi karibu, hatutazamani usoni, na neno likiwepo hupitia kwa binti. Mimi mtu wa Homa Bay nimelelewa hivyo, na miaka kumi na minne ya ndoa sikuwahi kuvunja mwiko huo.

"Mwambie mume wako," akamjibu bintiye, "mawe ya hapa nimeyaponda tangu utotoni nikitafuta dhahabu. Jiwe geni nitalijua. Na mashimo yote nayajua."

Yawa, jamani, ungebishana naye wewe?

Machimboni tukajipanga mstari, hatua kumi kati ya mtu na mtu, macho chini. Mimi upande mmoja, mama mkwe upande wa pili, mke wangu katikati kwa ajili ya heshima. Yeye ndiye aliyebeba fimbo niliyoifungia sumaku ya spika mbovu. Niliwaambia tunatafuta jiwe zito, lenye ganda jeusi kama ukoko wa ugali. Nyasi zilitufika kiunoni. Kila nikikanyaga, moyo uliruka, maana pale ardhi ni ya kudanganya: wachimbaji huhama, magogo ya mdomo wa shimo huoza, majani hufunika. Kinachobaki ni kichuguu cha kokoto nyeupe walizozitoa chini. Ukiona kichuguu, shimo liko hapo hapo.

Tulitafuta mpaka ngurumo ya kwanza ikasikika. Ndipo mama mkwe akapiga kigelegele. Alikuwa ameinua kitu cheusi, ukubwa wa yai la bata, akaanza kuja kwetu anacheka, macho kwenye jiwe. Na mimi nikakiona kichuguu. Kokoto nyeupe ndani ya majani, kati yake na bintiye.

Sikupiga kelele. Mungu anisamehe, sikupiga kelele. Nilimgeukia mke wangu nikasema kwa sauti ya adabu, "Mwambie mama asimame, kuna shimo."

Mke wangu alikuwa ameinamia sumaku. "Unasema?"

"Mwambie mama asimame."

Akageuka, akafungua mdomo, na mama mkwe akazama.

Nilikimbia, sijui kwa miguu ya nani. Alikuwa amenaswa kifuani, kiwiko kimoja juu ya gogo lililooza, mkono wa pili juu, bado umefumbata jiwe. Gogo lilikuwa linalia. Nililala kifudifudi nikamnyooshea mkono. Akautazama mkono wangu. Kisha akatazama pembeni, akamwambia bintiye, "Kawaite majirani."

Majirani walikuwa mbali, na udongo ulikuwa unamomonyoka chini ya kidevu changu. Hofu ile sijawahi kuipata tena. Ilinitoa kelele ambayo sikujua ninayo:

"Mama! Tupa hilo jiwe! Nishike mkono!"

Nilimfokea mama mkwe wangu kama mwanafunzi mtoro. Alishtuka, akanitazama usoni, na vidole vyake vikafunguka. Jiwe likaingia gizani. Nikangoja sauti. Ilichelewa, kisha maji yakalia huko chini kabisa, na hapo tukajua sote pale palikuwa na kina gani. Akaushika mkono wangu kwa mikono miwili. Mke wangu alinikalia miguu nisiteleze, na tukamvuta sentimita kwa sentimita, mvua ikitupiga migongoni.

Nyumbani aliketi mlangoni pake amejifunga blanketi. Mimi nilisimama nje chini ya mabati, mahali pa mkwe. Jiwe sikulikumbuka hata kidogo. Nilimsubiri mke wangu alete maneno, lakini sauti ilikuja moja kwa moja.

"Uliliona lile shimo?"

"Nililiona, mama."

"Kabla sijaanguka?"

"Kabla."

Akavuta blanketi mabegani. "Mimi nami nilikuwa nimekubali kuingia chini," akasema, "mradi nisikushike."

Husemwa heshima si utumwa. Sijui. Siku hizi nikienda kwao, sijafika hata langoni, naita kwa nguvu zangu zote, "Mama!" Watoto wa jirani hunicheka. Yeye huitika kutoka jikoni, naye kwa kelele. Siku akichelewa kuitika, nasimama palepale njiani, naita tena.